Sauti Iliyokatika Kila Dakika

Nilikuwa nafundisha kusoma na kuandika Kiswahili kwa njia ya video, mimi nikiwa nyumbani kwangu Nawoitorong, hapa Lodwar, na wanafunzi wangu, akina mama saba, wakiwa darasani kambini Kakuma. Laptopu yangu ilikuwa na tabia moja mbaya. Tulikuwa tunaenda vizuri kidogo, kisha nyuso zao zinaganda, sauti inakatika, halafu maneno yote yanamiminika kwa pamoja. Nililaumu upepo, nikalaumu mnara wa simu. Nilihamisha meza hadi karibu na ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, nikaizima ruta na kuiwasha mara nyingi. Haikusaidia.

Siku moja mama mmoja kutoka Sudan Kusini, mkubwa kuliko wote darasani, alisimama kusoma barua aliyomwandikia dada yake. Ilikuwa barua yake ya kwanza maishani. Alipofika katikati, akaganda. Nikamwomba arudie. Akarudia, akaganda tena. Mara ya tatu alifunga daftari, na nikamsikia akiwaambia wenzake, "Mwalimu hataki kusikia mimi. Kila saa, rudia, rudia."

Maneno hayo yalinikaa rohoni. Jumamosi nilitia laptopu kwenye begi nikaenda Kakuma.

Fundi wa pale darasani alikuwa mzee Mkongo, mtulivu, miwani yake imeshikwa na waya. Aliunganisha laptopu yangu na waifai yao, akaiamuru iite ruta kila sekunde na kupima jibu linachukua muda gani. Tukakaa tunatazama namba, kila moja ikihesabu milisekunde. Mbili, tatu, mbili. Ghafla mia tisa. Kisha mbili tena. Akatazama saa yake ya mkononi. Dakika moja ilipotimia, mia tisa nyingine.

"Unaona, Mwalimu?" alisema. "Upepo haina saa. Hii iko kitu ndani ya mashini yako."

Alichomeka waya badala ya waifai, namba zikatulia. Akarudi kwenye waifai, akaanza kufunga programu moja moja, kila mara akingoja dakika ipite. Mwenye hatia alikuwa programu ya hali ya hewa. Kila dakika ilitaka kujua niko wapi, na ili ijue, ilikuwa inaiacha ruta kidogo na kwenda kusaka waifai zote za jirani.

"Na inakuambia nini?" fundi aliuliza.

"Lodwar, jua kali."

Alicheka mpaka akavua miwani. Tukaifuta programu ile.

Yule mama nilimkuta kwake akipepeta mahindi. Nilimweleza kwamba ni kompyuta iliyokuwa inamkata, si mimi. Alinisikiliza bila kuacha kupepeta. Nilipomwomba anisomee barua palepale, alikataa.

"Nitasoma Jumatatu, darasani," alisema. "Wewe kaa kwako Lodwar, sikiliza."

Jumatatu alisimama, akasoma kutoka mwanzo hadi mwisho, na sauti haikukatika hata mara moja. Alimwuliza dada yake habari za watoto na za goti linalomsumbua. Kisha akasoma: "Usiulize nani ameniandikia. Ni mimi."

Wenzake walipiga makofi. Aliinua karatasi mbele ya kamera ili nione mwandiko. Niliona makosa mawili ya herufi, nikamwambia barua iko tayari kutumwa.