Simu Niliyoikata

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa redio. Chef de poste, yaani mkuu wa kituo cha bandari ya Kalundu, mzee mfupi aliyevaa koti hata jua likiwaka, aliniketisha nyuma yake juu ya kreti tupu ya bia, akanipa daftari na kalamu. "Weye, leo unasikiliza tu," alisema. "Ukisema neno moja, unarudi kwenu." Nilikaa hapo mpaka saa kumi alasiri, miguu imekufa ganzi.

Ninyi vijana mmekuta simu iko mfukoni mwa kila mtu, kwa hiyo nieleze kwanza foni ni nini. Ilikuwa redio ya masafa marefu, kubwa kama sanduku la nguo, ikitumia betri ya gari, na waya wa antena umevutwa juu kati ya milingoti miwili. Kampuni ya usafirishaji iliyoniajiri ilikuwa na maboti ziwani na bohari pwani yote, na kila kituo kilikuwa na foni yake. Aliyeketi mbele yake aliitwa fonisti. Kila kituo kilipewa vacation, yaani saa yake ya kuita na kuitwa. Mmoja akisema, wengine wote wananyamaza, kwa sababu sote tulitumia njia moja ya hewani. Sauti zilifika zimekwaruzika kiasi kwamba hata baba yako mzazi angeita usingemtambua.

Ndiyo maana chef alinifundisha sheria ya kwanza kabla hata ya kunionyesha kitufe cha kuwashia.

"Sauti usiiamini," aliniambia. "Habari nzito ikikuya, kifo, ajali, boti kuzama, unaiandika, unamusomea tena neno kwa neno, halafu unafunga. Kisha weye mwenyewe unaita kile kituo. Bakisema yale yale, njo unaenda kuambia bantu."

Huko kuita tena kutoka upande wako kuliitwa contre-appel. Katika mwaka wangu wa pili, sauti iliyojitaja kuwa ya kituo chetu kimoja ilitangaza kwamba boti yetu imezama na watu wote. Nilikuwa nimeshainuka kwenda kwa wanawake waliongoja bandarini, chef akanivuta shati. Tulikiita kituo hicho. Boti ilikuwa imetia nanga, injini imeharibika, na abiria wanachoma samaki ufukweni. Hatukujua kamwe ni nani aliyesema uongo ule, wala kwa faida gani. Siku nzima nilifikiria vilio ambavyo ningevianzisha mimi.

Sheria ya pili nilijifunza milimani, upande wa Lemera, nilikohamishwa baadaye. Mtu akitamka "urgence", yaani dharura, mara tatu, vituo vyote vinanyamaza, na aliyemjibu hamwachi mpaka mwenyewe aseme amemaliza. Asubuhi moja muuguzi wa kijiji cha mbali aliita, mama mjamzito anatoka damu. Niliketi na kisikilizio sikioni mpaka mchana, nikipitisha maneno ya daktari upande huu na majibu ya muuguzi upande ule. Sikwenda hata kukojoa. Mama alipona na mtoto pia. Kwetu mafonisti, kumwacha mtu wa urgence hewani ilikuwa aibu isiyosameheka, na sheria hiyo iliniingia mwilini kuliko ile ya kwanza. Ndiyo iliyoniponza uzeeni.

Simu za mkononi zilipofika, foni zikashushwa. Nilipata kazi mjini Uvira, kwenye guichet, yaani dirisha la wateja, la kampuni moja ya simu, nikipokea malalamiko. Mkubwa wangu alikuwa Madame chef d'agence, mkuu wa tawi, mwanamke wa maneno machache aliyeniita Papa ingawa yeye ndiye aliyenisainia likizo. Watu walikuja pale wamepauka. Mkulima wa mpunga wa Luberizi alikuwa amesoma kwa sauti zile namba za siri alizotumiwa kwenye ujumbe, akidhani anaongea na ofisi yetu. Mchungaji wa ng'ombe kutoka nyanda za juu aliambiwa ameshinda zawadi, abonyeze moja.

"Papa, sikiliza vizuri," Madame aliniambia siku moja, ameweka simu mezani kwa sauti kubwa. "Umesema alo, na kule iko kimya kidogo. Halafu sauti inaanza kama inasoma. Ile si muntu. Ni mashini."

"Lakini namba ni ya hapa kwetu, Madame."

"Namba banaivaa kama shati ya muntu mwingine. Banachagua yenye kufanana na yako, ju udhani ni jirani. Na akikukataza kukata simu, weye kata. Ofisi ya kweli haiogope ukiipigia tena."

Maneno hayo niliyarudia kwa wateja miaka yote hadi nilipostaafu. Niliyasema kwa majivuno kidogo, nakiri. Niliwaonea huruma walioibiwa, lakini moyoni nilijiambia kwamba mimi fonisti mzima hawanipati.

Mwaka wa pili wa pensheni yangu, mama mmoja mwenye sauti ya upole alipiga simu yangu. Alisema amekosea namba. Sasa, kwetu mtu akikosea namba huwezi kumfungia simu usoni kama mbwa. Nilimsalimu, akanisalimu, akauliza kama watoto hawajambo. Nikamwambia wako salama, na binti yangu Furaha anashuka kutoka Bukavu keshokutwa. Akanitakia baraka. Nikaweka simu mfukoni nikifurahi kwamba watu wenye adabu bado wapo.

Keshokutwa yake, saa nane mchana, simu ililia. Namba ilifanana na yangu kabisa, isipokuwa tarakimu mbili za mwisho.

"Weye njo baba ya Furaha?"

"Njo minye."

"Mutoto wako tuko naye. Usikate. Ukikata, hautamusikia tena."

Kisha nikasikia mwanamke akilia. "Papa! Papa, unisaidie!"

Barabara ya kutoka Bukavu, inayokata uwanda wa Ruzizi, kila mtu wa Uvira anaijua hofu yake. Hakuna nyumba isiyo na jamaa aliyewahi kusimamishwa pale na watekaji. Yule mtu aliniamuru niende kwa wakala wa kutuma pesa, simu iwe sikioni, nisiseme na yeyote. Nami nikaenda! Nilimpita mke wangu uani akichagua mchele, nikamfanyia ishara anyamaze. Nilitembea juani kama mtu wa kuvutwa kwa kamba, na njiani kilio kile kikaja mara ya pili. Ilikuwa urgence, na mtu wa urgence haachwi. Lile la kukata, nililowaambia mamia ya watu, halikunijia hata kidogo.

Mke wangu aliacha mchele akanifuata. Tulipofika mbele ya meza ya wakala, sauti ile ilisikika mara ya tatu. "Papa! Papa, unisaidie!" Na hapo masikio yangu ya zamani yakaamka. Kilio kilivunjika baada ya Papa ya pili, pumzi ikavutwa kwa kwikwi, kisha neno unisaidie likashuka mwishoni. Mara ya kwanza kilivunjika pale pale. Na mara ya pili pia.

"Mumupe simu," nilisema. "Aniambie ametoka wapi leo."

"Unatuchezea, muzee? Tumukate sikio usikie?"

Kilio kikaja tena, kwikwi ile ile.

Kichwa changu kilisema ni mashini. Mwili wangu ulisema ni Furaha. Mtu anayeumizwa anaweza kulia vilevile mara nne, nani anajua? Ili nimpigie mwanangu ilinibidi kwanza nimwache huyu, na kama huyu alikuwa anasema kweli, nilikuwa namuua mtoto kwa kidole changu mwenyewe. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya ile boti. Nilikata.

Nilimpigia Furaha. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani.

"Ni nini ile? Nani bako naye?" mke wangu aliuliza, na nilipomweleza alinishika kola. "Umekata? Banasema bako na mutoto wangu, na weye umekata?"

Simu yangu ilianza kulia, namba ile ile. Sikupokea. Iliponyamaza niliipigia mimi. Alijibu bibi mmoja wa Luberizi, nyuma yake ng'ombe wakilia, ambaye hakuwa na habari yoyote. "Baba yangu, minye niko mu shamba tangu asubuhi," alisema. "Bantu banapiga, banatukana, banasema nimebaibia pesa. Sijapigia muntu." Kumbe walikuwa wamevaa namba yake, kama Madame alivyosema. Nilimweleza mke wangu kwamba sasa ni wazi watu hao ni matapeli. Alinijibu kwamba tapeli au si tapeli, anataka kusikia sauti ya mtoto. Hata mimi nilitaka hiyo tu.

Tulirudi nyumbani, tukakaa kizingitini. Kila dakika chache nilipiga, na kila mara sauti ya kampuni, ile niliyoizoea miaka yote kazini, ilinijibu kwamba mteja hapatikani. Mke wangu alisali rozari kwa sauti ya chini. Alikuwa amehama upande wa pili wa mlango ili asiguse bega langu.

Saa kumi na moja Furaha alishuka kwenye gari mbele ya nyumba, amejaa vumbi, akiwa na mkungu wa ndizi. Gurudumu lilikuwa limepasuka njiani, na simu yake ilizimika kwa kukosa moto wa betri. Mama yake alimkumbatia mpaka ndizi zikaanguka. Mimi nilibaki nimekaa.

Tulipokula nilimsimulia yote, bila kuficha lile la mama mwenye sauti ya upole. Alisikiliza akiacha kutafuna.

"Papa, ile wakati unakata, ulijua kweli ni mashini?"

Nilitamani kumdanganya. "Apana," nilisema. "Sikujua kweli."

Mama yake aliinamia sahani. Furaha alichukua tonge.

"Ulifanya vizuri," alisema. "Siku banapigia minye, banasema bako na weye, na minye nitakata."

Ndivyo nilivyofundisha watu miaka yote, nami nawaambia ninyi vilevile: kateni, kisha pigeni ninyi wenyewe. Nilimjibu binti yangu kwamba amesema vema. Lakini nilijiona mimi ndiye ninayelia kweli upande wa pili wa simu, naye anakata; nikasukuma sahani, nikatoka nje.