Dereva Aliyemtuma Ndugu Yake Kupimwa

Siku yangu ya kwanza kazini Kitale, nikiwa na shahada mpya mkobani, Daktari Msimamizi alinionyesha mashine ya kutembelea, ile ya mkanda unaozunguka chini ya miguu, akaniambia, "Madam, hapa hatushindani mbio. Tunasikiliza moyo unavyolalamika." Ni wagonjwa wachache mno waliowahi kuniamini nilipolirudia neno hilo.

Wengi walioletwa kwangu walikuwa na maradhi ya koo kuziba usingizini: mtu hukoroma, pumzi hukatika, hushtuka, kisha huanza upya. Tulimbandika mgonjwa nyaya kifuani, tukamvika barakoa ya kupimia hewa, tukauinua mkanda wa mashine polepole kama mlima. Sisi tulitafuta shinikizo la damu linalopanda kupita kiasi na mapigo ya moyo yanayokataa kushuka mtu akishaacha kutembea. Wao walitafuta kupita mtihani. Wengine walifanya mazoezi wiki nzima, wakafika wamechoka tayari!

Baadaye nilihamishiwa Bungoma. Huko tuliletewa dereva wa lori la mahindi aliyekuwa akisinzia kwenye usukani barabara ya Suam. Bila ripoti yetu asingerudishwa kazini. Siku ya kipimo alipanda mwanamume mwembamba, akamaliza bila jasho. Sikudai kitambulisho, kosa hilo ni langu. Nilikuwa nimeshika kalamu, naye hajashuka mashineni, mke wa dereva alipoingia na barua ya rufaa iliyosahauliwa nyumbani.

"Shemeji! Unafanya nini huko juu?"

"Si ni mtihani?" mwanamume akajibu bila haya. "Ndugu yangu ni mzito, bana. Mimi ndiye mkimbiaji. Ati kuna ubaya gani?"

Dereva mwenyewe tulimkuta kwenye benchi la nje, amelala. Tukampandisha yeye mashineni. Dakika ya nne shinikizo lilipanda hata nikaizima mashine. Mkuu wa Idara akanivuta kando, si mbali vya kutosha wenyewe wasisikie. "Madam, mwandikie tu anafaa. Ana watoto wa kulisha."

"Siandiki, Daktari."

Mkewe akadakia. "Mimi ndiye nalala na huyu. Ananyamaza, nami nahesabu mpaka pumzi irudi. Siku moja nilifika arobaini."

Dereva akamgeukia. "Hukuwahi kuniambia."

"Ungekubali?"

Dereva akatoa ufunguo wa lori mfukoni, akamkabidhi mkewe.

Nimestaafu mapema, kwa hiari, na bado hasira haijaniisha. Nilijaza makabati kwa grafu, na hakuna hata moja iliyowahi kumtoa mtu barabarani. Ninyi mnaozirithi mashine hizi, kabla ya kuziwasha, mwiteni kwanza anayelala na mgonjwa.