Gari la Mzee Akbar Nililoona Haya Kulikagua

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaonekana nimeificha: mimi, Salim, niliyeuza spea za magari miaka kumi na minne, nilinunua gari la kizamani bila kuliinamia hata mara moja, na nusu ya Mji wa Kale ikanishuhudia nimekaa ndani yake huku miguu yangu iko barabarani.

Gari lilikuwa la tajiri yangu, Mzee Akbar, Mhindi mwenye duka la spea, aliyenichukua nikiwa na darasa la saba tu akanifundisha yote ninayoyajua. Lilikuwa gari la mbio, dogo, viti viwili, paa la turubai, usukani wa mti, rangi ya kijani ya ndimu mbichi, na sauti yake (wallahi sitii chumvi) ilikuwa kama mtu mzima anayekohoa kwa heshima. Kila mteja aliyekuja kuuliza namna ya kununua gari la kwanza la aina ile, Mzee alimwambia maneno yaleyale: "Gari la kizamani halinunuliwi kwa macho, hununuliwa kwa magoti. Njoo injini ikiwa baridi, maana anayekupashia moto kabla hujafika ana jambo analificha. Uliza spea zapatikana wapi kabla hujauliza bei. Kisha lala chini ugongegonge sakafu kwa mpini wa bisbisi, kwa sababu hewa ya bahari huanza kula chini."

Akafariki. Mjane wake, Mama Zainab, alipotoka eda akaniita.

"Mtu wa chuma chakavu alilitaka gari la Mzee," akasema. "Mimi nataka wa kuliendesha, si wa kulikata. Lakini lala chini kwanza, mwanangu, uliangalie."

"Gari la Mzee, Mama? Hapana."

"Nimekwambia liangalie."

Sikuliangalia. Kwetu ukienda kwa mfiwa humtaji marehemu ila kwa wema, na mimi niliona kuligongagonga gari lake mbele ya mjane wake, nikilitafutia kasoro, ni sawa na kumsengenya mlangoni kwake. (Tena ilikuwa Ijumaa, nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, nisijifanye haya ilikuwa peke yake.)

Basi nikakabidhi pesa, nikawasha, nikatoka kichochoroni watu wakimiminika kutoka msikitini, kila mtu "Mashallah, mashallah," nikapiga honi ambayo haikuhitajika, nikapanda mfuniko wa mtaro ulioinuka, pakasikika kitu kama shuka inayopasuka, kiti kikazama, sakafu ikaenda zake, nikajikuta macho yako sawa na dashibodi na soli za viatu zinakwaruza barabara, na gari bado linakwenda, kwa hiyo nikawa natembea nalo.

"Ami!" muuza kahawa akapiga ukelele. "Latumia petroli au ubwabwa?"

Lilisimama lenyewe, likaziba njia, tuktuk na mkokoteni wa maji nyuma yangu.

"Hukulikagua?" mtu mmoja akauliza.

Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Sikulikagua. Niliona haya." Wakacheka zaidi.

Mtu wa chuma chakavu alikuwa papo hapo na kikombe chake cha kahawa. Akachungulia chini, akamgeukia Mama Zainab aliyekuwa ametoka kwa zile kelele. "Si nilikwambia, Mama? Limeoza. Nalikata leo leo."

Mama akanitazama mimi. "Ukitaka kurudisha, rudisha, Salim, pesa zako hizi hapa. Mzee mwenyewe hakuliangalia chini miaka sita. Magoti yalikuwa hayakunjiki tena, naye akaona haya kumwomba mtu amwangalilie."

Miaka sita, na mimi niko naye dukani kila siku, nisijue.

Nikajichomoa, nikalala chali chini ya gari, kanzu na yote, nikagonga kwa ufunguo. Sakafu ilikuwa mkate mkavu. Lakini chasisi, uti wa mgongo wa gari lote, ililia kama kengele, nzima mwanzo mpaka mwisho, na grisi ya zamani bado imeishika.

"Nzima!" nikapaza sauti. "Halikatwi! Nalichukua!"

Hapo nilipaswa kutoka. Siku ya maziko nilishughulika na viti na maji ya wageni, sikutoa chozi. Machozi yote yakanijia pale chini, na shukrani zangu kwa Mzee zikaja pamoja nayo.

"Vipi, amekwama?" muuza kahawa akauliza.

"Mwacheni," nikamsikia Mama Zainab. "Anakagua."

Sakafu mpya imetiwa na gari linatembea kwa magurudumu yake. Nami nimeapa: gari la mtu yeyote, awe hai au marehemu, awe babangu mzazi, nitalala chini kwanza, na wenyewe waniwie radhi baadaye.