Kinachorudi ni Kitambaa

Fundi cherehani huyu walimwita Pasi Moto, na jina hilo hakuliokota jalalani. Siku moja aliandika katika kundi la mafundi, lile la kwenye simu: "Jamani, vitambaa vya Mwenyekiti vinarudi. Vikiguswa na maji tu, gauni la mama linamtosha binti. Fueni kabla ya kukata."

Sasa Mwenyekiti wa kundi ndiye huyohuyo muuza vitambaa. Kufumba na kufumbua, Pasi Moto katolewa kundini na maneno yake yamefutwa. Akaletewa salamu: aombe radhi, ndipo arudishwe.

"Radhi ya nini? Ya kusema kweli?" alimwuliza mumewe, fundi mstaafu wa simu za mezani. "Nitasemea pengine."

Mzee yule, ambaye hucheka kabla hajamaliza mzaha wake, akamtajia Usenet, mabaraza ya watu kuandikiana kwa kompyuta, ya zamani kuliko makundi haya ya simu. La washonaji nalo limo.

Basi Pasi Moto akaiweka kompyuta yao kuukuu yenye mfumo wa Linux mezani, katikati ya chaki na vifungo. Akaandika amri ya kuweka Pan, programu ya kusomea mabaraza hayo. Kompyuta ikataka nywila. Akabonyeza, akabonyeza, kiooni hata nukta.

"Kibodi imekufa!"

"Haijafa, mama watoto. Nywila inaingia kimyakimya, kama wewe ukinuna."

"Mimi nikinuna, nyumba nzima inajua."

Kweli, ikaingia. Programu ilipofunguka akajaza anwani ya seva, kompyuta ya mbali inayotunza mabaraza hayo, kisha jina na nywila alivyopewa alipojiandikisha huko. Majina ya mabaraza yakateremka kama uzi unaofumuka. Akaliona la washonaji, akabonyeza pa kujiunga, akakunja mikono. Chai ikapoa.

"Unamngoja nani?"

"Mwenyekiti wa huku, anikubalie."

"Baraza hili halina mwenyekiti, mke wangu. Ushaingia zamani."

Pasi Moto akacheka cheko la mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mlango. Kisha, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akaandika: kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, na muuzaji anayekataza hilo kusemwa ana lake jambo.

Asubuhi alikuta jibu la mtu asiyemjua: umekosea nusu, hariri ukiifua hovyo unaiua.

"Umepingwa," mumewe akamchokoza.

"Anipinge mpaka vidole viote sugu! Yangu yapo, yake yapo. Nani kafutwa?"

Simu ikalia. Alikuwa Mwenyekiti, sauti ya asali. "Dada yangu, yaishe. Sema samahani moja tu, urudi."

"Kaka yangu, kinachorudi ni kitambaa chako. Mimi nilishafuliwa, sirudi."

Akakata simu. Kisha akachukua mkasi, akakata na gauni, la kitambaa kilichoanikwa tangu jana.