Nafasi ya CD moja

Kule Pinga, kwa fundi anayehamisha muziki ku memori ya telefone, bwana mumoja na bibi yake walisimama ku mustari mbele yangu na CD mbili za nyumbani, moja ya rumba, moja ya kwaya. Nafasi ilibaki ya moja tu.

"Weka rumba," bwana akasema. "Hii gitaa inaongea."

"Na muimbaji anaita majina ya matajiri waliomulipa," bibi akajibu. " Lako ulishalisikia humo?"

Bwana akagonga CD ya kwaya na kidole. "Na hawa? Wabinti wanaimba mbio, wanapita ngoma!"

"Mimi njo nilikuwa naongoza kwaya, mimi njo niliwakimbiza, Papa wa watoto. Ulikuwa unanichungulia ku dirisha la kanisa."

Bwana akamupa fundi kwaya, bila kumutazama bibi.

Ile CD naijua. Iko mbaya, bwana hakusema uongo. Lakini muntu hajui makosa ya wimbo namna ile kama hausikilizi kila siku.