Breki za Baba na Gita la Osmundi

Harufu ya grisi ya baiskeli hunitoa machozi hadi leo. Wanangu hudhani nina mafua, nami huwaacha wadhani hivyo, maana kisa chenyewe ni cha wizi, na mwizi ni mimi.

Tulikaa Litumbandyosi, kijiji cha wakulima wa kahawa milimani. Serikali ilikuwa imeanza kuruhusu bidhaa za nje, na maduka ya Mbinga yalianza kujaa vitu tulivyovijua kwa masimulizi tu. Kahawa ilipokubali, baba akanunua baiskeli ya mtumba. Za zamani zilikuwa na breki za vyuma. Hii ilikuwa na breki za waya, na baba aliipaka grisi kila jioni, hata isipohitaji.

Kaka yangu Osmundi yeye alipenda muziki. Alisikiliza redio ya ng'ambo ya ziwa mpaka betri zikafa, akazianika juani zifufuke. Akaunda gita kwa debe la mafuta na ubao. Rafiki yake Wili, mwenyeji wa Mbaha kule chini ziwani, akaleta vibuyu vya ngoma ya mganda, vile unavyoimbia ndani vikatoa mlio wa nyuki. Hivyo ndivyo vilikuwa tarumbeta zetu. Wakajiita Ngoro Jazi, kwa yale mashimo tunayolimia milimani. Kilichokosekana ni nyuzi. Nailoni ya kuvulia samaki ilitoa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi.

"Mdogo wangu, nyaya za breki ukizifumua unapata nyuzi za gita zima," Osmundi akaniambia. "Mimi baba hatanisamehe. Wewe ni kipenzi chake. Ukinipatia, utaimba."

Nilikuwa na miaka kumi, na hamu ya kuimba ilinizidi akili. Jumamosi, baba akiwa anamenya kahawa, nikalegeza nati, nikachomoa nyaya zote mbili. Ile mipira inayofunika nyaya niliiacha mahali pake, ili kwa mbali baiskeli ionekane nzima. Nilikuwa nimeshazikabidhi kwa Osmundi ndipo nikakumbuka kwamba Jumatatu baba angeshuka Mbaha kufuata dagaa, na mteremko ule hata madereva wa malori waliuteremka wakisali. Sikusema. Kusema kulikuwa kupoteza gita. Nilisali rozari mpaka vidole vikauma.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafagia uwanja. Baba alikuwa na kawaida ya kubana breki kabla ya kupanda. Akabana. Akainama kutazama gurudumu, kisha akanitazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Leo nitaisukuma. Miguu imezoea raha."

Akaondoka kwa miguu, nami nikamshukuru Bikira Maria kwa kumfumba macho. Wiki zilizofuata aliisukuma tena na tena, kupanda na kushuka. Majirani wakamtania kwamba amenunua baiskeli ili apate wa kutembea naye. "Haraka haraka haina baraka," akawajibu, akacheka nao.

Ngoro Jazi walipiga mara ya kwanza Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa shule. Gita likakwaruza, vibuyu vikalia, nikaimba. Furaha ile sijaipata tena. Wimbo ulipokwisha baba akaja mpaka mbele, akamwuliza Osmundi, "Nyuzi umepata wapi?"

Nikajificha nyuma ya Wili.

"Nimepewa, baba."

"Aliyekupa anakupenda," akasema, akarudi kukaa.

Miaka miwili baadaye Osmundi na wenzake walihamia Songea, wakapata magita ya dukani, wakapiga kwenye kumbi, mwishowe wakatawanyika kama bendi nyingi za wakati ule. Baba alifariki nikiwa mtu mzima. Baada ya matanga nikamwungamia mama. Akanitazama kwa huruma.

"Alijua asubuhi ileile, mwanangu. Nilimwambia anunue nyaya nyingine, fundi anazo. Akakataa. Alisema mkiziona mpya mtajua kwamba anajua, na kwa aibu mtaacha kuimba."

Misimu miwili ya kahawa mzee yule alitembea milima ile na kuchekwa, ili mimi niimbe. Nami nilidhani nimemficha. Natamani nipewe siku moja tu, nishike usukani upande wa pili, tushuke naye Mbaha polepole, nimwambie ni mimi niliyezichomoa, naye ajifanye ndiyo kwanza anasikia.