Ganzi Iliyoanzia Shingoni

Nimesafishwa damu kwa mashine ya figo miaka mingi, kwanza Dar es Salaam, kisha Mbeya huduma ilipofika. Vidole vya mikono vilipoanza kufa ganzi sikushtuka. Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole. Nilisema ni kazi. Mke wangu aliponiona nikihangaika na kifungo cha shati, alisema, "Baba watoto, mwambie daktari." Nikaitikia, lakini sikumwambia.

Dada yangu wa Iringa alikuwa anamwoza binti yake. Tuliondoka Jumapili asubuhi, turudi Jumatatu kabla ya zamu yangu ya mashine. Kwenye basi, kila tuta lilinipiga kama shoti ya umeme, kutoka shingoni hadi kiunoni. Nikakaa upande, nikasimama, nikakaa tena.

"Mzee, kiti kina nini?" abiria wa nyuma aliuliza.

Basi liliposimama Chimala niliteremka kujinyoosha, mguu wa kushoto ukakataa. Nikajikuta chini, kando ya magunia ya mchele, nimeshika tairi.

"Harusi yetu imeishia hapa," mke wangu alisema. "Tunarudi." Sikubishana.

Nilipigwa picha ya MRI. Daktari akanionyesha pingili za shingo. "Mashine inatoa uchafu mwingi, lakini kuna protini haiwezi kuitoa yote. Imejijenga kwenye viungo miaka yote hii. Ndiyo iliyotia vidole ganzi, na sasa inabana uti wa mgongo."

"Kwa hiyo mashine ndiyo imeniumiza?"

"Mashine ndiyo imekufikisha hapa ukiwa hai."

Jibu lile liliniudhi, ingawa nilijua ni kweli. Wiki mbili nilisubiri upasuaji nikiwa nimevaa kola ngumu ya kushikilia shingo. Sikuweza kulala chali wala kukaa. Nilizunguka sebuleni nikijishikilia ukutani, hadi mke wangu akaondoa meza.

Upasuaji ulifanikiwa nusu. Miguu imerudi, vidole bado. Siku hizi mimi napima na kukata kwa shida, mke wangu anashona.

Mashine siwezi kuiacha. Nikiwa kitandani pale nikisafishwa damu, nachezesha vidole vya miguu chini ya blanketi, kulia, kushoto.

"Mzee, tulia," nesi ananiambia.

"Nimetulia," namjibu, na kuendelea kuvichezesha.